Mtoto wa Vumbi Aliyezaliwa Majini

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma, mbona mnaitikia kama mmeshiba sana? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Moto una kuni, hadithi ina masikio. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wakati Mola bado hajaifunga midomo ya mimea na wadudu, palikuwa na bwawa mahali paitwapo Kitopeni. Bwawa lenyewe halikuwa kubwa. Ukirusha jiwe upande huu linaangukia upande wa pili, ilimradi mkono wako umekula ugali. Lakini katikati lilikuwa na kina, na kila mvua iliponyesha lilifunikwa na mayungiyungi. Majani mapana ya duara, yamelala juu ya maji kama masinia ya karamu. Maua ya buluu, asubuhi yamefumbuka, jioni yamefumba. Ukipita pale ulikuwa unapunguza mwendo hata kama una haraka.

Pembeni mwa bwawa hilo aliishi nondo mmoja, jina lake Binti Vumbi. Nondo mnawajua, hawa wanaokuja kwenye taa wakaungua, ukimshika anakuachia unga vidoleni. Binti Vumbi alikuwa mdogo, mweupe, na mabawa yake yana michirizi ya kahawia kama shuka lililomwagikiwa chai.

Sasa huyu Binti Vumbi alikuwa na msiba wake. Alitaga mayai kwenye jani la mhindi, siafu wakapanda, wakala, wakashuka. Alitaga kwenye jani la mkunde, nyigu akaja, akachukua, akaenda. Alitaga kwenye jani la mgomba, kuku wa watu akaruka, akadonoa, akajifuta mdomo. Mara tatu alitaga, mara tatu alilia. Yakabaki mayai ya mwisho tumboni, na umri wa nondo si mrefu, anajua mwenyewe kwamba jua lake limeshuka.

Akainua uso akasema, "Mola wangu, sikuombi wengi. Niachie mmoja tu, nyumba ya mama yangu isifungwe."

Akaondoka kutafuta mwenyeji.

Kwa watu wa Kitopeni, hodi hupigwa mara tatu. Ya kwanza ni ili mwenye nyumba asikie. Ya pili ni ili ajifunge nguo vizuri. Ya tatu ni ili aamue. Isipoitikiwa ya tatu unaondoka, na huna haki ya kununa. Lakini ukiambiwa "karibu," basi neno limetoka, na mwenye nyumba hawezi kulimeza tena. Aliyekaribishwa hafukuzwi, hata unga ukiisha.

Binti Vumbi akaenda kwa Tete, anayesimama ukingoni.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Tete alikuwa anaongea na upepo. Hakugeuka.

Akaenda kwa Funjo, mwenye nywele timutimu.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi nondo, nina mimba."

"Mwanangu," Funjo akasema, "mimi kila siku nakatwa nikafumwa mkeka. Unataka wanao walaliwe na watu?"

Akaenda kwa Mpunga, aliyekuwa ameanza kuinama kwa uzito wa suke.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Hodi ya nini? Mimi nina wenyewe! Asubuhi wananichungulia, mchana wananifukuzia ndege. Wakiona mdudu hapa tutachomwa sote. Pita!"

Binti Vumbi hakununa. Akageuka, akatazama kule katikati ya bwawa, ambako nondo hawaendi kwa sababu hakuna pa kutua. Mabawa yamechoka, tumbo linamvuta chini. Akaruka hivyohivyo, akiinuka na kushuka, mpaka akatua juu ya jani moja pana. Lilikuwa jani la Bibi Yungiyungi, mkubwa wa bwawa zima.

"Hodi!"

Kimya. Maji yakatikisika kidogo.

"Hodi!"

Ua likajikohoza.

"Hodi!"

"Karibu," Bibi Yungiyungi akasema, "ingawa sijui utaingilia wapi. Nyumba yangu nusu iko majini."

"Bibi, nina mimba."

"Nimeona. Unaruka kama mtu aliyebeba mtungi."

"Naomba niwaache wanangu kwako."

Bibi Yungiyungi akatafakari. "Juu yangu hapa anapita yule ndege mwenye vidole virefu. Anatembea kwenye majani yangu kama yuko sebuleni kwake, na kila kinachocheza anadonoa."

"Basi nitawaweka upande wa chini."

"Chini kuna maji, mwanangu. Wewe ni wa vumbi. Vumbi likiingia majini linakuwa tope."

"Tope ndilo linalootesha mpunga, bibi."

Bibi Yungiyungi alicheka mpaka majani yote yakatikisika na chura mmoja akatumbukia. "Umenishinda! Haya weka, weka. Karibu nimeshaitoa."

Basi Binti Vumbi akasogea mpaka ukingoni mwa jani, akajishika kwa miguu, akalikunja tumbo lake akalipitisha chini, majini. Akataga pale upande wa chini, mayai madogo kama mbegu za mchicha, yamepangwa safu safu kama shanga za kiunoni. Alipomaliza akakaa, akapumua. Akasema, "Nimechoka vizuri." Jioni ile upepo ukampuliza juu ya maji, hakuinuka tena. Samaki Perege akaja akamchukua. Ndivyo dunia ilivyo.

Mayai yakapasuka.

Mtoto wa nondo anapozaliwa si nondo. Ni kiwavi, mwembamba kama uzi uliochomoka kwenye shuka. Hawa wakazaliwa chini ya maji, na hawakuzama wala hawakupaliwa. Pumzi iliwapenya kwenye ngozi. Nani aliwafundisha? Mama hayupo, baba hajulikani. Mimi nikifikiria jambo hili huona haya, maana kuna siku nasali huku nawaza mchuzi, na kumbe Mola yuko kazini hata chini ya jani.

Siku ya kwanza wakala kwa mwenyeji wao. Siku ya pili wakala. Siku ya tatu Bibi Yungiyungi akawaita.

"Watoto, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lenu nyinyi ni meno. Majani yangu ya zamani yamewafunika wadogo zao, hawaoni jua. Anzeni hayo. Majani machanga mnaniachia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bibi!" wakaitikia wote, lakini waliosikia ni wachache. Si mnajua watoto.

Wengine walitoka kwenda kuchezacheza majini wakiwa uchi, Perege akawala. Wengine waliambiwa majani ya ukingoni ni matamu zaidi, wakahamia huko, maji yaliporudi nyuma wakakaukia juu ya matope. Wengine walifanya urafiki na mtoto wa kereng'ende, ambaye naye huishi majini akiwa mdogo. Ana taya linaloruka kama kamba ya mtego. Urafiki wenyewe haukufika jioni.

Akabaki mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, jina lake Kishona.

Kwa nini Kishona? Sikilizeni. Huyu mtoto aliona ndugu zake wanavyokwisha, akaenda kwa Bibi Yungiyungi akaimba. Sasa mimi sauti yangu ni mbovu, nisitirini, tuimbe pamoja:

*Mama Yungi, nipe nguo,*
*Nakata jani si shina,*
*Nikikua nitatoka,*
*Nyumba utabaki nayo.*

"Kata," Bibi Yungiyungi akasema.

Kishona akachagua jani kuukuu. Akatafuna taratibu akizunguka, kipande kikatoka, umbo la yai, ukingo umelainika kama umekatwa kwa mkasi wa fundi. Akakibandika chini ya jani kwa nyuzi za mdomoni mwake. Akakata cha pili, sawasawa na cha kwanza. Akavishona viwili pamoja, akaacha mlango wa kichwa. Akaingia ndani. Anatoa kichwa na miguu ya mbele, anatembea, nyumba inamfuata.

Chura akamwona, akashika tumbo. "Jamani njooni muone! Watu wakiingia majini wanavua nguo, huyu anavaa! Wewe mtoto wa nondo, mama yako alioga mara moja akafa, na wewe umekuja kufua?"

"Shikamoo, babu Chura," Kishona akasema, akaendelea na kushona. Chura naye anajua salamu ni lazima iitikiwe. Akasema "marahaba" akatumbukia na hasira zake.

Perege naye akaja, mdomo mbele.

"Wewe! Nani umo humo?"

"Jani."

"Jani linatembea?"

"Ni upepo unanisukuma."

"Upepo, chini ya maji?"

"Basi ni mkondo."

"Bwawa lina mkondo, wewe? Unanifanya mimi samaki wa jana?"

Akafungua kinywa, hap! Kishona akajivuta ndani kabisa. Perege akatafuna, akakunja uso, akatema. "Ptuu! Chakula cha mbuzi!" Akaenda zake, na toka siku ile kila kipande cha jani kinachoelea yeye anakipita.

Kishona akakua, nguo ikambana. Akaimba tena, akaruhusiwa tena, akashona kubwa zaidi. Na hapo akafanya ajabu ambayo nikiisimulia watu wananitazama kama namtetea mchawi. Ile nguo ya kwanza ilijaa maji. Hii ya sasa aliijaza hewa. Sijui aliipata kwa ujanja gani, ila ndani kulikuwa kukavu, na nje ni bwawa. Akawa anatembea chini ya majani na hewa yake kifuani, kama msafiri na kibuyu chake.

Mara tatu alishona nguo, na kila mara aliomba kwanza. Alikula majani ya zamani, majani machanga yakapata jua. Ukitazama kutoka juu ungeona masinia yametobolewatobolewa. Ukitazama kutoka chini ungeona miali ya jua imeshuka kupitia matundu hayo hadi kwenye tope, na vijisamaki vinacheza ndani yake.

Kisha kiangazi kikaja. Maji yakarudi nyuma, yakarudi nyuma, yakarudi nyuma. Tete akakauka. Funjo akalala. Mpunga ulikuwa umevunwa zamani, na ghala zimeanza kusikika mwangwi. Mayungiyungi ya pembeni yakaisha, akabaki Bibi Yungiyungi pale penye kina.

Kishona akapiga hodi kwenye shina.

"Hodi, bibi. Nimekua. Wakati wangu wa kulala umefika, nikiamka nitakuwa na mabawa."

"Si ulale, kitanda ni chako."

"Nikilala kwa muda huo hewa yangu haitatosha. Lakini wewe shina lako lina mirija ndani, nimeisikia. Unavuta pumzi kutoka juu kwenye majani unaipeleka chini kwenye mizizi. Naomba nitoboe kidogo, nivute na wewe."

Bibi Yungiyungi akauliza, "Utaniumiza?"

"Nitakuumiza, bibi. Kidogo, lakini nitakuumiza."

"Ungesema hapana ningekukatalia," bibi akasema. "Toboa."

Kishona akaibandika nguo yake kwenye shina, chini kabisa mwa maji, akaifunga kwa nyuzi pande zote mpaka ikawa kifukofuko. Akatoboa shina kwa meno, hewa ya Yungiyungi ikamwingia. Akalala. Wawili wakawa wanavuta pumzi moja.

Mko macho?

Tuko macho!

Sasa wanaingia watu, na watu wakiingia hadithi inaanza kelele.

Kijijini palikuwa na mwanamke anaitwa Mwanamvua, na wifi yake anaitwa Mashavu. Mwanamvua ni mpole, akiulizwa neno anafikiri kwanza. Mashavu anajibu kabla hujauliza. Mwaka ule njaa iliingia Kitopeni, na watu wa huko njaa ikiwaingia huchimba viazi vya yungiyungi, wanavichemsha, wanakula. Namna yao ya kuchimba ilikuwa moja tu. Unaingia majini, unalishika shina, unalivuta na mizizi yake yote, unachukua viazi, unatupa kilichobaki. Hivyo ndivyo mabibi zao walivyofanya, na mvua ikirudi mengine yalikuwa yanaota. Hakuna aliyejiuliza kama kuna siku hayataota.

Asubuhi hiyo wawili hao wakaja na kikapu. Mwanamvua akaingia mpaka kifuani, akanyoosha mkono, akalishika shina la Bibi Yungiyungi.

"Vuta, wifi, baridi hii!" Mashavu akapiga kelele kutoka ukingoni. Kisha akaona majani. "He! Hebu ngoja. Tazama matundu hayo. Mtu amekata vitambaa humu! Nakwambia kuna jini linawashonea wanawe nguo za sikukuu. Vuta upesi tuondoke!"

Mwanamvua akakaza mkono.

"Mwanamvua," Bibi Yungiyungi akasema, "nisubiri."

"Toba!" Mashavu akasema. "Ua nalo linataka kusubiriwa."

"Nina mgeni," Bibi Yungiyungi akasema. "Amelala kwenye shina langu, chini ya mkono wako, anavuta pumzi yangu. Ukinivuta atakufa, na yeye ni wa mwisho kwao."

Mwanamvua hakuachia shina. "Bibi, na mimi nina watoto. Jana wamelala na maji ya maganda. Leo niwaambie nini? Kwamba ua lina mgeni?"

"Sijui uwaambie nini."

"Ni mgeni gani?"

"Mtoto wa nondo."

Mashavu akacheka mpaka akakaa chini. "Mdudu! Wifi, mdudu! Nondo yule wa kwenye taa! Shikamoo, mgeni! Hujambo huko chini? Umeletewa maji ya kuoga?"

Mwanamvua akauliza, "Alipokuja mama yake, ulisema karibu?"

"Nilisema."

"Hodi ya ngapi?"

"Ya tatu."

Mwanamvua akatazama chini, majini. Mkono bado uko shinani. Kiazi kiko pale, anakigusa kwa kidole cha mguu ndani ya tope, kinene, cha kupika leo. Njaa ya mtu mwenyewe huvumilika, jamani, lakini njaa ya mwanao inasukuma mkono.

"Wifi, unangoja nini? Vuta!"

Mwanamvua akasema taratibu, bila kugeuka, "Mashavu, siku nilipofika kwa mama yenu nilikuwa na mimba, nimefukuzwa kwetu, miguu imevimba. Nilipiga hodi mbili, kimya. Kabla ya ya tatu nilikusikia ndani ukisema, 'Mama usiitikie, huyo ana tumbo.' Nikapiga ya tatu. Mama akaitikia."

Mashavu akakigeuza kikapu upande wa pili. Kisha akasema, "Wewe nawe unakumbuka mno mambo."

"Mwenye tumbo hasahau."

Mwanamvua akaachia shina. "Bibi Yungiyungi, nitangoja mgeni wako atoke. Lakini nakwambia kweli, sijui nitangojaje."

Bibi Yungiyungi naye aliguswa. Akasema, "Nyinyi mnayaona maua yangu yakifumba mnadhani yamekufa. Hayajafa, yamezama. Papasa chini hapo, kando ya shina, kuna matunda. Ndani yake kuna mbegu, ndogo kama mtama. Si nyingi. Zikaange."

Mwanamvua akapapasa, akayapata, ya kijani, mazito kama ngumi ya mtoto. Jioni watoto wakala konzi konzi. Watu wazima wakalala na harufu ya kukaanga.

Asubuhi ya pili wakarudi. Kifukofuko kimya. Matunda machache, watoto wakala, watu wazima wakameza mate. Mashavu alikuja na jembe.

"La nini hilo?" Mwanamvua akauliza.

"La kuamshia mgeni."

Mwanamvua akaingia majini akasimama mbele ya ua, mikono kiunoni, maji yanamfika kifuani. Mashavu akamtazama, akalitazama jembe, akasema, "Mwendawazimu wa watu," akaenda kukaa kivulini. Lakini hakuondoka.

Asubuhi ya tatu matunda yalikuwa yamekwisha. Walifika kabla jua halijapanda, ukungu umelala juu ya maji. Mtoto mdogo wa Mwanamvua alikuwa amebaki nyumbani, hana nguvu ya kulia. Mwanamvua akaingia majini, akalishika shina.

"Bibi," akasema, "leo sitaweza."

"Najua," Bibi Yungiyungi akasema. "Najua, mwanangu. Nami simlaumu mtu."

Mwanamvua akavuta pumzi ndefu. Akakaza vidole.

Ndipo akasikia kitu kinapasuka chini ya kiganja chake, kidogo mno, kama ganda la karanga. Akaondoa mkono upesi. Wote wawili wakainama kutazama.

Kule chini gizani pakatokea kitu kinang'aa. Kiputo cha hewa, cheupe kama lulu, kikajitenga na shina. Kikapanda. Ndani yake kuna kitu kimekunjwa. Kikapanda, kikapanda, kikapanda, samaki wakakipisha wasijue ni nini, mpaka kikafika juu, kikapasuka bila sauti, na juu ya jani akasimama nondo.

Hakuwa na tone la maji. Ametoka chini ya bwawa, na mabawa yake yamejaa unga kama ametoka kinuni. Akatembea hatua chache juu ya jani. Akayafungua mabawa, yakiwa madogo na yamejikunja, yakanyooka taratibu mbele ya macho yao, meupe, na michirizi ya kahawia kama shuka lililomwagikiwa chai.

"Allahu akbar," Mwanamvua akasema, machozi yanamdondoka kwenye maji. "Vumbi limetoka majini likiwa kavu."

Kishona akasema kwa sauti ambayo ungeidhania ni ukungu unahama, "Ahsante mwenyeji. Ahsante mwenyeji. Ahsante mwenyeji." Akaruka. Aliyumba kidogo kama mtu anayejifunza baiskeli, kisha akashika njia. Nyumba ya Binti Vumbi haikufungwa.

"Mgeni wangu ametoka," Bibi Yungiyungi akasema. "Sasa, Mwanamvua, chimba. Lakini usinivute. Fuata mzizi kwa vidole, chukua viazi vya pembeni. Hicho cha katikati chenye jicho niachie, nami mvua ikija nitakuzalia vingine."

Mwanamvua akapiga mbizi, akafuata mzizi kwa vidole kama mtu anayetafuta pete. Akatoa cha kwanza, akamrushia Mashavu. Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu. Watu wa Kitopeni hawakuwahi kuchimba hivyo kabla. Kikapu kikawa kizito, na ua bado limesimama.

"Kimbiza hivyo nyumbani, wifi," Mwanamvua akasema akitweta. "Wape watoto. Mimi nakuja."

Mashavu hakukimbia. Alikuwa ameingia majini na nguo zake zote, mpaka shingoni. Alikuwa anapapasa lile shina. Akakipata kifukofuko kitupu, bado kimebandikwa pale chini, na mlango wake uko wazi, viputo vya hewa ya shina bado vinatoka hapo. Hakukivuta. Akakinga mlango kwa kiganja maji yasiingie, akapenyeza kidole chake kidogo ndani, akakaa nacho hapo kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Kuna nini?" Mwanamvua akauliza.

Mashavu hakujibu, na hilo lenyewe lilikuwa jambo geni katika kijiji kile.

"Mashavu, kuna nini?"

"Kukavu," Mashavu akasema kwa sauti ndogo. "Wifi, humu ndani kukavu kabisa. Kuna joto."

Akatoa kidole. Akakitazama. Kisha akaanza kutembea ndani ya maji kwenda kwenye chipukizi la yungiyungi lililokuwa linajitokeza upande wa pili, ambalo Mwanamvua alikuwa amekwisha kulinyooshea mkono.

"Wewe, ngoja kwanza!" akamfokea. "Utashikaje shina la watu bila hodi? Ondoa mkono. Acha mimi nipapase."

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake ni wa Mola, makosa yake ni yangu. Mwenye usingizi alale, na mtu aifunike hiyo taa, nondo wasiungue.